Maman Domitille Nsimire, Mwalimu wa Maua wa Korongoni

Baba padri, wazee wa familia, majirani wa avenue yetu, wanafunzi wa maua wa misimu yote kumi na mitatu, na ninyi nyote mliokuja kutushika mkono, familia imenipa mimi Micheline, mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, na imeniomba nisome polepole, nisiongeze neno na nisimkasirishe mtu, nami nimekubali lile la kwanza.

Marehemu Domitille Nsimire M'Birindwa alizaliwa tarehe 12 Machi 1958 huko Walungu, mtoto wa tatu kati ya tisa wa marehemu papa yetu Zacharie Birindwa, mkulima na katekista, na marehemu maman yetu Astérie Nabintu, naye alikuja duniani miguu ikitangulia, hata mkunga akamwambia maman kwamba mtoto wa namna hii hafundishwi njia, anaachiwa tu nafasi apite, na maneno hayo maman aliyarudia kwa miaka arobaini, mara kwa kujivunia, mara kwa kuchoka.

Masomo ya msingi aliyafanya kwenye shule ya misioni ya Walungu kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha akaja Bukavu kwenye lycée ya masista, akapata diplôme d'État ya kumaliza sekondari mwaka 1977 kwa asilimia hamsini na nane, alama ninayoitaja kwa sababu yeye mwenyewe aliitaja kila mara mtoto wake alipoleta chini ya hapo. Ni katika lycée hiyo alimokamatwa akichuma maua ya hortensia katika bustani ya masista, na Sista Yolande, aliyekuwa mtunza sakristia, akampa adhabu ya kupanga maua ya altare kila Jumamosi kwa muda wa trimestre moja ya masomo, lakini trimestre ilipokwisha dada yangu hakuondoka, akaendelea na adhabu yake kwa miaka minne, na Sista Yolande akamfundisha kukata kikonyo kwa mshazari asubuhi na mapema, kuondoa kila jani linalogusa maji, na kutoogopa kuacha nafasi tupu kati ya ua na ua.

Alianza kazi ya ualimu Septemba 1978 huko Bunyakiri, akahamia Bukavu mwaka 1981, na tangu hapo hadi alipopumzishwa mwezi wa Julai 2010 alifundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi hapa commune ya Kadutu, miaka karibu thelathini ya chaki, na wako hapa wanaume wenye mvi ambao hadi leo wakisikia mtu akikohoa nyuma yao wananyoosha mgongo.

Tarehe 15 Agosti 1981 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu marehemu Philémon Mugisho, karani, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwaona, na siku ya arusi alishika ua la plastiki la studio ya mpiga picha, kwa maana ukitazama picha za maarusi wote wa Bukavu wa mwaka huo utaona wameshika ua lile lile, lenye jani moja lililoungua kwa sigara, na baada ya picha mpiga picha alilichukua mkononi mwake akampa bibi arusi aliyefuata kwenye foleni. Dada yangu alisimulia jambo hilo akicheka, lakini hakulisahau.

Mungu aliwajalia watoto wanne, Elysée mwaka 1982, Tatiana mwaka 1985, Aganze mwaka 1989, na Destin mwezi wa Septemba 1993, na vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Oktoba 1996 walitembea kwa miguu hadi Shabunda, wakala mizizi wasiyoijua jina, na tarehe 19 Januari 1997 Destin alikufa kwa malaria, akiwa na miaka mitatu na miezi minne, akazikwa pembeni ya njia bila msalaba, bila jeneza na bila ua. Wapo watu wanaosema kwamba ndiyo sababu dada yangu akawa mwalimu wa maua, na mimi ninawaambia hapa mbele ya jeneza lake waache kumtungia hadithi, kwa sababu maua aliyapenda tangu alipokuwa mwizi wa hortensia, na Destin alimpenda kwa ajili ya Destin, akamlia kila mwezi wa Januari hadi mwaka huu, na uchungu ule haukumzalia kitu chochote kizuri, ulimuuma tu. Shemeji Philémon naye alitutoka tarehe 3 Mei 2004, kwa ugonjwa wa sukari.

Sasa nifike korongoni. Jumapili tarehe 21 Novemba 2010, wakati wa misa ya pili, mvua ilikata mteremko ulio juu ya nyumba zetu, udongo ukashuka na nyumba tatu pamoja na jiko la Maman Georgette, jirani yetu wa chini, watu wawili wakafa, na kama isingekuwa siku ya misa tungehesabu thelathini. Injinia alikuja, akapima, akaandika kwamba mahali pale mtu asijenge tena kamwe, kibao kikasimamishwa, na baada ya miezi miwili mtu akakiiba akapikia maharage, korongo likawa mahali pa kutupa taka, na kila mvua ilipopiga, Maman Georgette alitoa watoto nje akasimama nao barabarani chini ya mwavuli mmoja.

Domitille, ambaye alikuwa amepumzishwa kazi na hakuwa na darasa la kufokea, alishuka korongoni peke yake mwezi wa Agosti 2011, akaokota chupa na matambara kwa wiki tatu, akachimba ngazi za udongo, akapanda nyasi zenye mizizi mirefu, na kati ya nyasi akaweka arum alizozitoa mabondeni, agapanthe, hortensia, na juu kabisa dahlia na glaïeul, na watu wakasimama juu ya korongo wakimcheka, wakimuuliza, “Maman, maua inakuliwaka?” Naye bila kuinua kichwa akawajibu, “Mutu ya kwenu akikufa, munamupelekeaka sombe ya kukula kwa kaburi?”

Jumamosi tarehe 17 Septemba 2011, siku mbili baada ya mvua ya kwanza, alifungua darasa lake akiwa na wanafunzi watano, na tangu siku hiyo kila mwaka, mvua ya Septemba ikishagonga mabati, watu walijua kwamba Jumamosi inayofuata asubuhi ni jembe korongoni na mchana ni kupanga maua katika sale, ukumbi wa parokia. Walikuja wamaman wa nyumbani, wakaja wajane wa wachimba dhahabu kutoka Shabunda, akaja motard mmoja, mwendesha pikipiki ya abiria, aliyesema amemleta tu mke wake na ambaye leo hii anapamba arusi kuliko mke wake, na wote aliwafundisha kutumia kipande cha shina la mgomba mahali pa ile sponji inayouzwa dukani, kwa sababu mgomba unashika maji siku nne na unatoka nyuma ya nyumba, na kupanga katika mikebe ya tomati, na kuchagua ua moja refu ambalo mengine yote yanalifuata. Aliyeleta ua la plastiki darasani alirudishwa nyumbani, hata akiwa mke wa nani. Mwaka 2011 tulisema atachoka kabla ya Krismasi, mwaka 2012 mvua kubwa ilipiga siku tatu mfululizo na udongo haukusogea hata mkono mmoja.

Lazima niseme pia kosa lake, kwa kuwa Papa Edouard, kaka mkubwa wa shemeji Philémon na mzee wa mila katika familia hii, yuko hapa mbele yangu na hatanisamehe nikiliruka. Mwezi wa Mei 2013, siku ya komunyo ya kwanza, marehemu alikosa majani ya kuzungushia maua ya altare, akaona kando ya shamba la Papa Edouard majani marefu mazuri yaliyosimama wima, akakata vikonyo ishirini bila kufikiri, na Papa Edouard alipoingia kanisani na kuketi benchi la mbele, aliuona mpaka wake wote umesimama kando ya tabernakulo. Wageni wasiojua nawaambia kwamba mti ule wazee wa Bushi, nchi yetu, wanaupanda kwenye mpaka wa shamba na shamba, na anayeukata bila ruhusa ametamka kwamba ardhi ya mwenzake sasa ni yake. Mzee alitoka misani kabla ya komunyo. Baraza la familia lilikaa kwa muda wa saa saba, dada yangu akaleta bidon mbili za kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akarudishia miti yote kwa mikono yake mbele ya wazee, akisema kwa sauti kila mti kwamba ardhi ile si yake, na kwa miaka mingi iliyofuata Papa Edouard alimsalimu siku ya Noeli tu. “Miye nilitafuta majani, yeye akaona vita,” ndivyo alivyokuwa anasema, lakini mti ule hakuugusa tena.

Ndipo tarehe 9 Oktoba 2023 akaja bwana mmoja, ambaye jina lake familia imeniomba nisilitaje, na silitaji, ingawa kama koti lile la bluu kwenye safu ya nne ni lile ninalolifahamu, basi karibu kwenye kilio, tumekuona. Bwana huyo alikuwa na karatasi inayosema amenunua kiwanja kisicho na mwenyewe, akasimamisha mawe manne ya simenti kwenye pembe za bustani, akasema anajenga nyumba ya ghorofa mbili, juu ya udongo ambao injinia alikataa hata choo kijengwe, na chini ya mteremko huo kuna nyumba arobaini na moja zenye watu ndani. Marehemu alipita ofisi nne kwa miguu yake, kila moja ikamwambia arudi kesho, na siku ya nne akaacha kurudi, akaenda kugonga mlango ambao hakuugonga kwa miaka kumi, mlango wa Papa Edouard, akamwomba vipandikizi vya mti wa mpaka.

Wanaosema Papa Edouard hacheki hawakuwepo siku ile. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akavaa koti lake, akaita wazee wa pande zote mbili za korongo, na Jumamosi tarehe 14 Oktoba, mbele ya darasa zima la maua, walipanda vipandikizi sitini na vitatu kuzunguka bustani, kila mzee akishika chake na kutamka kwamba ardhi hii ni ya wote wanaolala chini yake. Wiki iliyofuata bwana alileta vijana wenye sururu kutoka Walungu, wakafika, wakatazama, wakaweka sururu chini, na mkubwa wao akamwambia, “Patro, mupaka ya batu hatuwezi ng'oa, ukitaka ng'oa weye mwenyewe,” na bwana hakung'oa, maana yeye pia amezaliwa Bushi na ana mama aliyemfundisha. Akaondoka, akaanza kungoja, na mtu mwenye haraka akianza kungoja, mwogope.

Ugonjwa ulimkuta Jumapili tarehe 30 Juni 2024, alipoanguka jikoni kwa AVC, yaani kiharusi, upande wa kuume ukakataa na ulimi ukawa mzito, daktari akamkataza miteremko yote, na dada yangu akatii kwa siku kumi na moja. Mwezi wa Julai na Agosti Aganze alimshusha korongoni kwa kiti, akafundisha kwa mkono wa kushoto na kwa macho, na nawaambia macho yale yalifokea vizuri kuliko ulimi. Tarehe 5 Septemba alirudishwa hospitali. Alhamisi tarehe 12, mvua ya kwanza ilipogonga mabati ya wodi, aliomba kalamu kwa kuonyesha vidole, akaandika nyuma ya karatasi ya dawa maneno ambayo ilitulazimu watu watatu kuyasoma, nami nayasoma mbele yenu kama yalivyo, “Nikikufa wakati wa kupanda, mupande. Siku hiyo hiyo.” Chini yake aliandika tarehe, kama ubaoni. Alikata roho Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Tatiana, akiwa na miaka sitini na sita, miezi sita na siku mbili, na ameacha watoto watatu, wajukuu wanane, sisi wadogo zake, na mteremko ambao haujashuka kwa miaka kumi na mitatu.

Sasa nasema lile ambalo familia iliniomba nisiliseme. Desturi yetu ni kwamba mtu akifa, tangu siku hiyo mpaka siku ya tatu baada ya mazishi, hakuna anayeshika jembe katika ujirani wote, na desturi hiyo ni nzuri, inamheshimu maiti. Bwana wa safu ya nne anaijua desturi hiyo vizuri kabisa, kwa sababu Jumapili tarehe 15, sisi tukiwa bado tunafunga bâche, turubai la kilio, lori mbili zilipanda avenue yetu na kumwaga mchanga na mawe juu ya bustani, wala si bahati mbaya, ni hesabu ya siku, maana mazishi ni leo Jumanne, siku ya tatu ni Ijumaa, na kwa siku hizo zote hakuna mwanamke wa darasa la maua atakayeruhusiwa kushuka kusimama kati ya sururu na mti wa mpaka. Vijana wa safari hii hawatoki Walungu, mti wa mpaka hauwatishi. Msingi unachimbwa kwa siku mbili, ukuta unasimama kwa siku moja, na katika mji huu sote tunajua kwamba ukuta ukishasimama unapata mawakili wengi kuliko mtu.

Baraza la familia lilikaa jana tangu asubuhi. Tuliweka karatasi ya dawa mezani, Papa Edouard akaisoma mara mbili, akasema desturi haifutwi kwa kalamu ya mgonjwa, Elysée akasema mama yake hakuwa mgonjwa wa akili, sauti zikapanda, mimi nikatamka neno ambalo nimeomba msamaha wake leo asubuhi, na mzee akanirudishia ile karatasi, akasema, “Huyu mwanamuke alinishindaka muzima, leo ananishinda tena maiti. Miye na wazee tutabakia kwa kilio, ili kilio isibakie tupu. Ninyi muende.” Papa Edouard, mbele ya watu wote ninakushukuru, maana umelinda desturi kwa mwili wako mwenyewe ili sisi tulinde ardhi kwa mikono yetu, na yeyote atakayesema kwamba watoto wa Domitille wamemvunjia mama yao heshima, aje aniambie mimi, nyumba yangu haijafichwa.

Familia inamshukuru daktari Nathalie na wauguzi wote wa wodi, waliomvumilia mgonjwa aliyewapangia upya maua ya meza yao kila asubuhi, inamshukuru baba padri na parokia kwa sale iliyotupokea misimu kumi na mitatu, inawashukuru walimu aliofanya nao kazi, majirani wa juu na wa chini, na Maman Georgette ambaye tangu Jumamosi hajaketi chini. Arum na agapanthe mnazoziona juu ya jeneza zimekatwa leo alfajiri korongoni na kupangwa na wanafunzi wake katika shina la mgomba, na wale waliokuja na mataji ya plastiki tunawashukuru kwa upendo, tumeyaweka nje kwa heshima, mtayakuta mlangoni.

Baada ya makaburi, wazee watarudi kwenye kilio, na wengine wote wenye nguvu tutakwenda moja kwa moja korongoni na nguo zetu za msiba, magunia ya vitunguu vya mbegu vya glaïeul na dahlia yapo tayari kwa Maman Georgette, msimu wa kumi na nne unafunguliwa leo na si Jumamosi, na tutakuwa pale kesho, na kesho kutwa, na Ijumaa, tangu jua linapotoka, kwa zamu. Majembe tumehesabu ni hamsini na mawili, na bwana wa safu ya nne, kama umekuja kwa rambirambi za kweli, moja ni lako.

Yaya Domitille, dada yangu mkubwa, miaka yote tulikuambia upumzike ukatukatalia, leo huna la kujibu, basi pumzika kwa amani. Sisi tunakwenda kulima.